Ritifaa ya Ruring'u: Tusiing'oe Herufi kwa Makosa ya Kiolezo

Ruring'u ni kitongoji kilicho pembezoni mwa mji wa Nyeri. Wakenya wengi wanakijua kwa sababu ya uwanja wake, ambamo wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walikusanyika Desemba 1963, mwezi ambao nchi ilijinyakulia uhuru. Mimi ninakijua kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, na ndiko nilikorudi miaka miwili iliyopita na kinasasauti mkononi ili kukusanya ngano za wazee kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Sikutarajia kwamba jina lenyewe la kitongoji hicho lingenitoa jasho kuliko ngano zote nilizozikusanya.

Jina hilo lina sauti sita: r, u, r, i, ng', u. Tarakilishi hailioni hivyo. Kwayo, jina hilo ni alama nane, na ya saba kati ya hizo si herufi hata kidogo, bali ni alama ya kufungia na kufungulia maneno. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Ningependa, ndugu msomaji, nikueleze ugomvi huo ulivyokuwa, kisha nitoe rai yangu kuhusu wajibu wetu sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kwa maana naona tumewaachia wanaprogramu jambo ambalo ni letu.

Baada ya kuzinukuu ngano hizo, binamu yangu, ambaye anasomea sayansi ya kompyuta, alijitolea kunitengenezea tovuti ndogo ya kuzihifadhi. Alitumia kile kinachoitwa kiolezo. Kwa wasioufahamu utaratibu huu, kiolezo hakitofautiani sana na fomula za watambaji wetu. Mtambaji anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", sehemu hiyo haibadiliki, kinachobadilika ni ngano itakayofuata. Vivyo hivyo, kiolezo ni ukurasa wenye maneno ya kudumu na mianya, na katika kila mwanya huchomekwa jina la ngano, jina la mahali iliposimuliwa, na matini yenyewe. Ngano zangu 14 zilikuwa tayari kwenye jedwali nililolichapa nyumbani, naye akaziingiza zote kwa mkupuo mmoja. Nyingine 9 nilizichapa mwenyewe moja kwa moja katika fomu aliyoitengeneza.

Tulipoufungua ukurasa, ngano 14 zilionekana vyema. Zile 9 zilikuwa na balaa. Kila penye Ruring'u palisomeka Ruring&#39;u. Ng'ombe wa zimwi alikuwa ng&#39;ombe. Nilipojaribu kusahihisha kwa kuifungua ngano na kuihifadhi upya, hali iliharibika zaidi; sasa ilikuwa Ruring&amp;#39;u, na kila nilipoihifadhi neno lilizidi kurefuka kama mkia wa nyani katika ngano niliyokuwa nikiihariri.

Binamu yangu alicheka. "Mwalimu," akaniambia, "tatizo ni hiyo ritifaa yenu. Itoe tu. Watu wataelewa."

Nilikataa, na sababu zangu nitazieleza baadaye. Alipoona nimeshikilia msimamo, alitafuta dawa nyingine. Katika lugha ya violezo aliyoitumia kuna neno fupi, "safe", ambalo ukiliweka kwenye mwanya unakiambia kiolezo: matini haya ni salama, yapitishe kama yalivyo. Aliliweka kila mahali. Tukaufungua ukurasa tena na Ruring'u ikawa Ruring'u. Tulinywa chai, nikamshukuru, nikamtumia msimamizi wangu anwani ya tovuti.

Baada ya majuma mawili msimamizi aliniuliza swali moja: "Kicheko kiko wapi?"

Hapana budi nifafanue. Fasihi simulizi si maneno ya mtambaji peke yake. Hadhira hucheka, huitikia, huguna, hupinga. Katika kunukuu, nilikuwa nimeyaonyesha haya kwa mabano ya pembe: <kicheko>, <ukimya>, <wote wanaitikia>. Hoja nzima ya sura ya nne ya tasnifu yangu imesimama juu ya mabano hayo, kwa kuwa ninajaribu kuonyesha kwamba hadhira ya Nyeri humrekebisha mtambaji katikati ya ngano. Sasa, katika ngano zote 14 zilizotoka kwenye jedwali, hapakuwa na kicheko hata kimoja. Vizee vyangu vilikuwa vinasimulia kwenye chumba kitupu. La kutisha zaidi ni kwamba ukurasa ulikuwa safi kabisa: hapakuwa na alama ya ajabu wala pengo la kumshtua msomaji. Kosa la kwanza lilipiga kelele. La pili lilinyamaza.

Ilinibidi niketi na binamu yangu kwa siku nzima, tuache kutafuta dawa na badala yake tutafute ugonjwa. Niliyojifunza siku hiyo naona yanamfaa kila mhariri wa jarida la Kiswahili, kwa hiyo nitayaeleza kwa kirefu kidogo.

Kivinjari husoma ukurasa kwa kutegemea alama chache zenye kazi maalumu. Mabano ya pembe huashiria amri. Ritifaa na alama za kunukuu huashiria mwanzo na mwisho wa thamani fulani. Mwanaprogramu akiandika value='Ruring'u', kivinjari hukutana na ritifaa ya pili baada ya herufi g na kudhani maneno yameisha hapo; katika kisanduku cha fomu utaona "Ruring", nayo u itakuwa imetupwa nje ya ua. Ndiyo maana violezo vya siku hizi huzikinga alama hizo kabla ya kuzitoa: ritifaa hugeuzwa kuwa &#39;, yaani alama ya "na", alama ya reli, tarakimu 39 na nukta mkato. Tarakimu 39 ndiyo nambari ya ritifaa katika orodha ya alama za tarakilishi. Kivinjari kikiuona msimbo huo huurudisha kuwa ritifaa machoni pa msomaji. Mabano ya pembe nayo hukingwa vivyo hivyo ili yasisomwe kama amri. Kinga hii haikuwekwa kwa ubishi. Bila kinga, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuchapa amri ndani ya fomu, nayo ikatekelezwa katika tarakilishi ya kila atakayeufungua ukurasa. Lugha ya violezo ya Django ilianza kuiweka kinga hii pasipo kuombwa katika toleo lake la 1.0 la mwaka 2008.

Basi, kosa letu lilikuwa nini? Fomu ya binamu yangu ilikuwa ikizikinga alama wakati wa kuingiza matini, halafu kiolezo kikazikinga tena wakati wa kuyatoa. Ritifaa iligeuzwa &#39; na kuhifadhiwa hivyo. Wakati wa kutoa, kiolezo kiliiona alama ya "na" iliyoanzisha msimbo ule, kikaikinga nayo. Kivinjari kilifungua kinga moja tu, kama kilivyofunzwa, na ile ya ndani ikabaki mbele ya macho yetu. Ngano za jedwali hazikupitia fomu, kwa hivyo zilikingwa mara moja tu, nazo zikatoka sawa. Tungaliuzingatia ushahidi huo tangu mwanzo, yaani kwamba ngano 14 zilikuwa nzima na 9 zikawa mbovu ilhali kiolezo ni kimoja, tungalijua papo hapo kwamba kiolezo hakina hatia. Mhakiki wa fasihi hufanya vivyo hivyo anapolinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja: huuliza ni wapi ilipoachana njia.

Neno "safe" liliondoa kinga ya pili. Kwa ngano 9, hilo lilionekana kuwa tiba kwa sababu kinga ya fomu ilikuwapo bado. Kwa zile 14, liliondoa kinga pekee zilizokuwa nayo. Kivinjari kilipokutana na <kicheko> kilidhani ni amri, na kwa kuwa hakiijui amri hiyo, hakikuonyesha kitu. Vicheko vyangu havikuwa vimepotea katika hifadhidata, vilikuwa vimefichwa.

Tiba ya kweli ilikuwa na hatua tatu, nazo hufuatana. Tuliiondoa kinga kwenye fomu, ili matini yahifadhiwe jinsi yalivyochapwa. Tukazirudisha ngano 9 katika hali yake ya asili, tena kwa uangalifu, maana zile nilizozihifadhi mara nyingi zilikuwa na tabaka mbili au tatu za msimbo. Mwisho tukalifuta neno "safe" kila lilipokuwa. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuikariri: hifadhi ghafi, kinga wakati wa kutoa, kinga mara moja. (Siku hiyohiyo tuligundua pia kwa nini wimbo uliomo katika mojawapo ya ngano ulikuwa ukionekana kama aya ya nathari. Kivinjari hakitambui mwisho wa mshororo mpaka kiambiwe. Ushairi wetu wenye vina na mizani ukimwagwa mtandaoni hivyo, msomaji atadhani mtunzi ni mzembe.)

Nimeitaja tovuti yetu kwa kuwa aibu yake ni yangu. Hata hivyo, jambo hili ni pana. Wale waliotumia tovuti za zamani watakumbuka majina kama Murang\'a, yaliyobeba mkwaju wa nyuma kabla ya ritifaa. Huo ulikuwa utaratibu wa lugha ya PHP wa kuikinga hifadhidata kiotomatiki. Ulianza kukataliwa katika toleo la 5.3 la mwaka 2009 na ukaondolewa kabisa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012. Katika lugha hiyohiyo, kazi iitwayo htmlspecialchars kwa miaka mingi iliiacha ritifaa ipite bila kuigusa, hadi toleo la 8.1 la mwaka 2021 lilipoanza kuikinga pasipo kuombwa. Tovuti iliyokuwa na ugonjwa wetu wa kukinga mara mbili ingeweza kuandika Murang'a vyema kwa miaka kumi, kisha ikaamka siku moja na Murang&#039;a, na hakuna mtu aliyekigusa kiolezo.

Chukueni pia jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Jina hilo lina mitego yote: ũ, ĩ na ng'. Ukurasa uliohifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 ukisomwa kana kwamba ni wa mfumo wa zamani wa Windows, Ngũgĩ hugeuka NgÅ©gÄ©. Ikiwa ritifaa yake ni ile iliyopindwa na programu za kuchapia, Thiong'o naye huwa Thiongâ€™o. Mtu aliyetumia umri wake kutetea haki ya lugha za Kiafrika kuandikwa, jina lake mwenyewe linageuzwa hirizi!

Nirudi kwenye ushauri wa binamu yangu: itoe tu, watu wataelewa. Huu ndio ushauri ninaoupinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ndio unaofuatwa. Kila ninapopita barabarani ninaona "ngombe" kwenye vibao vya buchari, nami simlaumu mwenye buchari. Lakini ritifaa katika ng' si pambo, wala si kama ile ya Kiingereza inayoashiria herufi iliyodondoshwa. Ni sehemu ya konsonanti. Kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Ngoa ni wivu au uchu. Mwenye kung'oa na mwenye kulia ngoa si mtu mmoja. Wanaisimu wetu huziita sauti za m, n, ny na ng' ving'ong'o, na Nyeri tuna mahali panapoitwa King'ong'o, penye gereza linalojulikana kote nchini. Sidai kwamba pana uhusiano baina ya istilahi na gereza. Ila ondoeni ritifaa, na istilahi ya ving'ong'o itakuwa haina king'ong'o hata kimoja ndani yake.

Tena kuna wanaoumia. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza ninayemfahamu aliomba ufadhili wa karo kupitia fomu ya mtandaoni ya taasisi ambayo sitaitaja. Jina la babake lina ritifaa mbili. Fomu ilimwambia kwamba ametumia "herufi zisizokubalika". Akaziondoa, fomu ikapokea. Miezi mitatu baadaye ombi lilirudishwa kwa kuwa jina halikuoana na la kwenye kitambulisho. Alipolirekebisha, muda ulikuwa umekwisha. Wanakijiji walichanga, akalipiwa muhula mmoja. Mimi huwa ninamkumbuka kijana huyo kila ninaposikia kwamba masuala ya tahajia ni ya wazee wasiokuwa na kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ni urasmi wa namna gani ambao konsonanti yake moja haikubaliki katika fomu?

Sitaki kusema kwamba wanaprogramu ndio wenye lawama peke yao. Waliuliza, nasi hatukujibu. Orodha ya alama inayotumika duniani kote, Unicode, ina ritifaa zaidi ya moja. Ipo ile iliyonyooka ya kibodi, yenye nambari U+0027. Ipo iliyopinda, U+2019, ambayo programu za kuchapia huiingiza bila kutuuliza. Ipo pia U+02BC, ambayo Unicode yenyewe huipendekeza pale ambapo ritifaa ni sehemu ya herufi na si alama ya uakifishaji. Machoni zinakaribiana kama mapacha. Kwa tarakilishi ni alama tatu tofauti: mtu akitafuta ng'ombe mwenye ritifaa iliyonyooka, programu isiyofunzwa haitampata ng’ombe mwenye iliyopinda, hata kama wote wamo zizini.

Je, ng' ya Kiswahili sanifu ni ipi kati ya hizo? Wenzangu wa isimu tuliojadiliana nao wanaitaka U+02BC, na hoja yao ina nguvu: ni herufi kwa hiyo ihesabiwe kuwa herufi, na kwa kuwa si alama ya kufungia maneno, haihitaji kukingwa, na masaibu ya Ruring'u yangekwisha. Mimi siafikiani nao. Alama hiyo haimo kwenye kibodi ya kawaida wala kwenye rununu ya mama anayeuza ndizi sokoni Karatina. Tukiisanifisha, tutakuwa na Kiswahili cha maprofesa na Kiswahili cha wengine, na maandishi ya hao wengine ndiyo mengi. Waganda walichagua herufi ŋ kwa Kiganda, na bado wengi wao huchapa ng' kwa sababu ndiyo wanayoiona mbele ya vidole vyao. Afadhali tuikubali iliyonyooka kuwa ndiyo ya kuhifadhia, tuziagize programu za utafutaji zizihesabu zote tatu kuwa kitu kimoja, na tudai violezo viandikwe ipasavyo. Huenda nimekosea. Lakini suala hili liamuliwe na BAKITA pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kwa kuwashirikisha wanaprogramu, lisiamuliwe na kibodi.

Idara zetu nazo zina deni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na tangu hapo mjadala wetu kuhusu tarakilishi umekuwa wa istilahi: tuseme tarakilishi au kompyuta, mdahalishi au intaneti. Nami nimeshiriki na kufurahia. Ila mwanafunzi anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili akiwa na istilahi kumi za intaneti na asijue kwa nini ng' imeharibika katika ukurasa wake mwenyewe. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa fulana na kuandamana. Mwaka jana nilivaa fulana iliyoandikwa "Kiswahili Kinangara". Nayo ilichapwa kutoka kwenye fomu ya mtandaoni.

Ninapendekeza kozi ya saa chache tu, katika mwaka wa pili pamoja na fonolojia, ambapo mwanafunzi atafunzwa kuifuatilia konsonanti kutoka kinywani hadi kwenye kioo: ilichapwa na alama ipi, ilihifadhiwaje, ilikingwa mara ngapi, na ilionyeshwa na nini. Mhadhiri hahitaji kuwa mwanaprogramu. Anahitaji kujua kuufungua msimbo wa ukurasa katika kivinjari na kuusoma, kama anavyosoma mswada wenye makosa ya mnakili.

Binamu yangu sasa ana karatasi aliyoibandika ukutani juu ya tarakilishi yake huko Ruring'u. Ina maneno anayoyachapa katika kila fomu mpya kabla ya kuikabidhi kwa mwenyewe: Ruring'u, King'ong'o, Ng'ang'a, Gĩkũyũ, ng'ombe mara tatu kwa ritifaa tatu mbalimbali, alama ya &, na la mwisho <kicheko>. Wiki iliyopita nilizipitia upya ngano zote 23. Ile ya zimwi na ng'ombe, niliyosimuliwa jikoni usiku wa Julai wenye baridi, ina vicheko 11. Nilivihesabu kwenye kioo, nikavihesabu kwenye daftari. Vyote vipo.